Mzee na Kiti Chake

Wasomaji wetu wote wanaijua desturi ya kwetu: mzee akiingia uani, kijana huondoka alipoketi akampa kiti. Ni desturi njema, wala hatuandiki leo ili kuivunja. Lakini imezaa desturi nyingine, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza. Mzee akishika jembe, twamnyang'anya. Akijitwika ndoo, twamtua. Akisema atakwenda mwenyewe dukani kununua chumvi, mtoto hutumwa mbio kabla yeye hajaiona fimbo yake ilipo. "Keti tu, babu, sisi tupo." Na kila mmoja wetu hulala usiku akiwa na moyo mweupe, kwa kuwa amefanya jambo la adabu.

Sisi tunaoandika haya tulifanya hivyo kwa bibi yetu mzaa mama. Alikuwa na kishamba cha mihogo na kunde nyuma ya nyumba, na kila siku kabla jua halijapanda alikuwa huko, amejifunga kaniki, akisema peke yake. Tulipopata mshahara wetu wa kwanza wa ualimu tulimwajiri kijana alime badala yake, tukamnunulia bibi kiti kizuri chenye mgongo na mto. Majirani wakatusifu sana, nasi tukazipenda sifa zile. Mwaka wa kwanza bibi aliketi barazani akiamkiwa na wapitao. Mwaka wa pili alitaka mkono wa mtu ndipo aondoke kitini. Mwaka wa tatu mlango wa uani ukawa ndio mpaka wa dunia yake. Hakupata homa, wala hakuanguka. Tulimpeleka hospitali, na daktari alipokwisha kumpima alituuliza neno moja tu: "Mchana hufanya kazi gani?" Hatukuwa na jibu.

Toka siku ile tumekuwa tukitafuta katika vitabu habari za wazee wa nchi nyingine na za zama nyingine, ili tujue ni nini kinachomfanya mzee mmoja awe tayari kuondoka na kutembea, na mwenzake wa umri ule ule asiwe tayari. Tulidhani jibu ni nguvu: mwenye nguvu hutembea, na zikimwishia huketi. Lakini historia haisemi hivyo.

Fikira ya kuwa nguvu za mzee ni akiba ya kutunzwa ni ya zamani sana. Waganga wa kale wa Wayunani, na baada yao wale wa nchi za Waislamu na wa Ulaya, walifundisha ya kuwa mwili una joto lake la asili na majimaji yake ya asili, mfano wa taa: majimaji ni mafuta, na joto ni moto wa utambi. Ibn Sina, mganga mkuu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliueleza mfano huu katika kitabu chake cha uganga, nacho kilisomwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Basi ni rahisi kuona watu walivyoufuata mfano huo hata mwisho wake: mzee ni taa yenye mafuta kidogo, usimpe kazi asije akazimika.

Walakini waganga wenyewe hawakusema mzee aketi tu. Galen, mzaliwa wa Pergamo, mji ule utajwao katika Ufunuo, aliyeishi katika karne ya pili baada ya Kristo, aliwashauri wazee wajizoeze kwa kadiri. Tena alitoa mfano wa mganga mwenziwe aitwaye Antiochus, aliyepita miaka 80, naye kila siku alikwenda kwa miguu kutoka nyumbani kwake mpaka mahali pa mkutano wa mji, na mara nyingine akapitia kuwatazama wagonjwa wake. Kabla ya Galen, mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Rumi aliandika kitabu juu ya uzee, na humo amemtaja Mwafrika, mfalme Masinissa wa Numidia, nchi iliyokuwa mahali palipo sasa pande za Algeria na Tunisia. Mfalme huyo katika miaka yake 90 alikuwa akianza safari kwa miguu, hapandi farasi; akianza kwa farasi, hashuki; wala mvua wala baridi haikumfanya afunike kichwa. Nasi tumeona ajabu kwamba Cicero naye alitumia mfano wa taa, ila aliugeuza: alisema akili za mzee huzimika zisipotiwa mafuta, kama taa. Mmoja asema tunza mafuta, na mwingine asema ongeza.

Tunaomba msomaji atazame jambo moja katika habari hizi mbili. Antiochus alikuwa na wagonjwa waliomngoja. Masinissa alikuwa na ufalme. Hakuna aliyewaambia watembee kwa ajili ya afya yao. Walikuwa na mahali pa kwenda.

Sasa tuvuke miaka mingi twende Uingereza. Huko palikuwa na nyumba za maskini zilizowekwa kwa sheria, na kila nyumba kubwa ilikuwa na hospitali yake, ambamo wazee wasio na mtu wa kuwatunza waliingizwa wakalazwa kitandani. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, karibu na London, ilipewa hospitali moja ya namna hiyo iliyokuwa jirani yake, na pamoja nayo wagonjwa 714. Daktari aliyekabidhiwa kazi ile alikuwa mwanamke, Marjory Warren, mwenye umri wa miaka isiyofika 40. Alikuta vyumba virefu vyenye vitanda safu kwa safu, na katika vitanda hivyo watu waliolala muda mrefu hata magoti yamekunjamana yasinyoke tena. Wengi hawakupata kupimwa sawasawa toka waingie. Waliwekwa mle kwa kuwa ni wazee, na uzee ukahesabiwa kuwa ndio ugonjwa wao.

Warren aliwapima mmoja mmoja, akawagawa kwa hali zao: huyu ana maradhi ya kuponywa, huyu amepooza upande lakini aweza kufundishwa kutembea, huyu hana ugonjwa ila amelazwa mno. Kisha akaanza kuwaondoa vitandani. Na hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Hakuanza na miguu ya wazee peke yake. Alianza na nyumba. Alitaka kuta zilizokuwa na giza zipakwe rangi nyepesi, taa ziwe bora, pawe na viti vya kufaa kando ya vitanda, na mahali pa kushika ukutani kwa mtu anayejaribu kwenda. Alitaka kila mmoja awe na shughuli mchana, na wauguzi wawatazame kama watu wanaojitayarisha kurudi nyumbani, si kama watu wanaongoja kufa. Maana mzee aliyelala katika giza, katikati ya watu waliolala, ambaye hakuna amtazamiaye kuondoka, aondokee nini?

Wako waliotembea tena, na wako waliorudi kwa jamaa zao. Wengine hawakuweza, na Warren hakudai kwamba kila mmoja aliweza. Aliyaandika mambo haya katika magazeti ya madaktari mwaka 1943 na tena mwaka 1946. Mwaka 1947 daktari mwingine wa Uingereza, Richard Asher, aliandika makala juu ya hatari za kulazwa kitandani, akaonyesha jinsi kila kiungo kinavyoharibika kwa kulala: mapafu, damu, misuli, mifupa, hata moyo wa mtu na nia yake. Mwaka ule ule wa 1947 madaktari wa Uingereza waliunda chama chao cha matunzo ya wazee. Hivyo kile ambacho watu walikiita matunzo, yaani kulaza, kikaanza kuitwa kwa jina lake.

Huenda mtu akasema, "Hao walikuwa wazee wa miaka 60 au 70, aliyekaribia 100 amekwisha." Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake waliandika habari za wazee 10 wa nyumba moja ya wazee katika mji wa Boston, Marekani. Mdogo wao alikuwa na miaka 86 na mkubwa 96. Waliwapa vyuma vya kuinua kwa miguu, mara tatu kwa juma, kwa majuma 8. Wazee 9 walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa sehemu 174 katika 100, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile walizoanza nazo. Wawili wakaacha fimbo zao. Tuliposoma habari hii tulikumbuka kiti tulichomnunulia bibi, tukaona haya.

Lakini habari ile ina mwisho wake ambao watu hawautaji sana. Zoezi lilipokoma, katika majuma manne tu wazee wale walipoteza karibu theluthi ya nguvu zao. Maana yake nguvu si akiba ya mafuta katika taa, bali ni kama maji ya mto: hupatikana kwa kupita. Na maana yake nyingine ni kwamba kumwezesha mzee kwa miezi miwili si kazi ngumu, ikiwa mtaalamu yupo na vyuma vipo. Kazi ni kumfanya awe tayari kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao, wakati wataalamu wamekwisha ondoka.

Taifa lililotufundisha zaidi katika jambo hili ni Japani. Mwaka 1925 kampuni moja ya bima ya maisha katika mji wa New York ilianza kupeleka mazoezi ya mwili kwa redio, ile ambayo babu zetu waliiita simu ya upepo. Kampuni hiyo ilikuwa na faida yake, maana mteja akiishi sana hulipa sana. Wajapani wa idara ya posta, ambao nao waliuza bima kwa watu wenye mapato madogo, walisikia habari hizo, na tarehe 1 Novemba 1928, saa moja ya asubuhi, zoezi la kwanza lilisikika katika redio ya Tokyo. Mchezo wenyewe ni mfupi: dakika kama tatu za kunyosha mikono, kuinama, kujipinda na kuruka kidogo, pamoja na kinanda. Kisha watoto wa shule wakaingizwa. Wakati wa likizo ya kiangazi mtoto aliamka alfajiri akaenda uwanjani na kadi yake shingoni, akifanya mazoezi na watu wa mtaa, na mwisho kadi hupigwa mhuri.

Hatutaficha upande wa pili. Katika miaka ya 1930 na ya vita serikali ya Japani iliyatumia mazoezi haya kuwafanya watu wote wawe kama jeshi moja lenye kutii, na Waamerika walioitawala nchi baada ya mwaka 1945 hawakuyapenda. Yakakoma mwaka 1947. Yalirudishwa mwaka 1951 kwa muziki mpya, na toka hapo hayajakoma. Mwaka 1999 wakatunga mengine ambayo mtu aweza kuyafanya hata akiwa ameketi, kwa ajili ya wazee na walemavu.

Sasa, anayekwenda katika viwanja vya miji ya Japani saa kumi na mbili u nusu asubuhi huwakuta hasa wazee. Ndio wale watoto wa kadi! Miili yao inaukumbuka muziki. Lakini kumbukumbu peke yake haimtoi mtu kitandani alfajiri ya baridi. Kinachomtoa ni kwamba saa ni ile ile kila siku, mahali ni pale pale karibu na nyumbani, hakuna ada, hakuna nguo maalum, na zaidi ya yote, asipofika wenzake humwulizia. Mazoezi huchukua dakika 10, na maongezi huenda yakawa marefu zaidi.

Wataalamu wa Japani wamelipima jambo hili. Mwaka 2012 walichapa habari za wazee zaidi ya 11,000 waliofuatwa kwa muda wa miaka minne, ili kuona ni nani atakayekuja kupoteza uwezo wa kujitunza mwenyewe. Waliojizoeza peke yao, bila ya kuwa katika chama cha mazoezi, walipoteza uwezo huo zaidi kuliko wale waliojizoeza huku wakiwa wanachama. Twakiri ya kuwa yamkini wenye afya ndio wepesi wa kuingia katika vyama, na wataalamu wenyewe walilijua hilo, wakajitahidi kulitenga katika hesabu zao. Hata hivyo mtu aliyepata kuwaona akina mama wazee wakienda pamoja kuokota kuni, wakicheka njia nzima, na akamwona mmoja wao akienda peke yake, hatashangaa sana.

Yako mambo mawili zaidi yanayomzuia mzee, nayo yatoka kinywani na moyoni, si miguuni. La kwanza ni hofu ya kuanguka. Mzee aliyeanguka mara moja hujiambia, "Sitakwenda tena nisije nikaanguka." Kwa kutokwenda miguu yake hulegea, na kwa kulegea huanguka kweli hata anapokwenda chooni tu. Sisi jamaa twaiongeza hofu hiyo kwa makelele yetu: "Angalia! Angalia! Utaanguka!" Ingefaa zaidi tuondoe kigogo kilicholala njiani, tuweke mti wa kushika penye ngazi, tumwachie mzee aende. La pili ni neno lenyewe tunalomwita nalo. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani waliwachukua watu 47 wa miaka 63 mpaka 82, wakawachezesha mchezo wa kompyuta kwa nusu saa, na katika mchezo huo maneno yalipita upesi mno asiweze mtu kuyasoma kwa makusudi. Wengine walipitishiwa maneno ya kuusifu uzee, kama hekima, na wengine maneno ya kuudharau. Kisha wakapimwa mwendo. Wale wa maneno ya sifa walitembea upesi zaidi kuliko walivyotembea kabla, kiasi cha sehemu 9 katika 100. Ikiwa neno lisiloonwa sawasawa laweza kuitikisa miguu ya mtu, basi na tufikiri juu ya maneno tunayoyasema kwa sauti kila siku: "mzee amechoka huyu", "huyu amebaki jina tu".

Wala si lazima twende mpaka Japani na Marekani. Hapa kwetu Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao watu wengi huwataja kwa dharau. Mwaka 1989 mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake, baada ya kukaa nao na kuhesabu saa za kazi zao, waliandika ya kuwa wanawake waliopita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula kuliko wanawake wenye kuzaa. Bibi hao huchimba mizizi katika ardhi ngumu kwa mti uliochongwa ncha. Baadaye, mwaka 1997, wakaonyesha ya kuwa mama akiwa na mtoto mchanga, uzito wa yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa hufuata kazi ya bibi yake. Hakuna aliyemfundisha bibi wa Kihadzabe faida ya mazoezi. Ana mjukuu, na mjukuu anataka kula.

Asije mtu akatuelewa vibaya, akamtwika mama yake mzigo wa kuni na kusema amesoma gazetini. Mzee anayechota maji mbali kwa kuwa watoto wake wamemtupa, huyo hatumsifii mwendo wake. Twawaonea haya watoto wake. Mwenye maumivu ya magoti au kifua na aende kwanza kwa daktari. Shirika la Afya Duniani katika shauri lake la mwaka 2020 lilitaja dakika 150 kwa juma za mwendo wa kadiri, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, na likasema wazi ya kuwa asiyeweza kiasi hicho afanye kwa kadiri ya uwezo wake. Dakika 150 ni kama kwenda sokoni na kurudi mara chache.

Kwa bibi yetu tumechelewa. Hajashika tena jembe, na huenda asilishike. Lakini masika haya tulimwambia yule kijana asipande hata punje moja mpaka bibi mwenyewe amekuja kumwonyesha mistari. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikataa. Siku ya tatu kijana alikuja barazani, mbegu mkononi, akasema mvua inakaribia na yeye amekaa bure kwa kumngoja. Bibi akaomba fimbo. Kutoka kitini mpaka shambani ni hatua kama sitini, naye alizikwenda kwa muda ambao mtoto wa shule angeoga, angekunywa uji na kufika darasani. Alipofika alisimama akatweta, akatazama matuta yale tuliyoyalipia mshahara miaka mitatu, kisha akamgeukia kijana akamwuliza ni nani aliyemfundisha kupanda kunde zikabanana namna ile.